Kilindini Katika Vita na Wajapani

Mwulize mwanafunzi wa shule ya upili akutajie mahali palipoamua vita kati ya Marekani na Japani, naye atakutajia Pearl Harbor, labda na Midway na Guadalcanal. Mwulize tena kama kisiwa chochote cha Kenya kilihusika, atanyamaza. Nimelisikia kimya hicho mara nyingi katika mihadhara yangu. Ilhali kisiwa hicho kipo, nacho ni Mombasa.

Singapore ilianguka Februari 1942. Tarehe 5 Aprili ndege za Kijapani zilishambulia Colombo, na siku nne baadaye zikashambulia Trincomalee na kuizamisha Hermes, manowari ya kubebea ndege. Manowari za Waingereza za Mashariki, zilizoongozwa na Admirali James Somerville, hazikuwa na nguvu za kutosha kumkabili adui huyo. Makao yake yakahamishiwa Kilindini.

Kwa nini Kilindini? Sisi wanaisimu hupenda kuanza na jina. Kilindi ni mahali penye maji ya kina kirefu, na -ni ni kiambishi cha mahali. Wenyeji walikwisha kulisema zamani jambo ambalo manowari zilikuja kulihitaji. Nyuma ya bandari hiyo kulikuwa na reli ya kwenda bara, na mbele yake njia ya meli kutoka Rasi ya Tumaini Jema kuelekea Suez, India na visima vya mafuta vya Ghuba ya Uajemi. Kama njia hiyo ingekatwa, majeshi yaliyokuwa Misri na India yangekosa mahitaji yao. Wala hofu hiyo haikuwa ya bure. Mwezi Mei nyambizi ndogo za Kijapani ziliingia bandari ya Diego Suarez, Madagaska, na katika miezi iliyofuata nyambizi zao zikazamisha meli zaidi ya 20 katika mlango bahari wa Msumbiji.

Pamoja na manowari walikuja wataalamu wa kufumbua ujumbe wa siri, wakapewa Shule ya Allidina Visram. Septemba 1942 karani mmoja wa Kijapani alituma ujumbe, akasahau kutaja meli ilipo, kisha akautuma tena kwa ufunguo uleule. Kosa hilo dogo liliwatosha. Kufikia Novemba walikuwa wakisoma simu za upepo za meli za mizigo za Japani, na safari za meli hizo zikajulikana. Naam, silaha hiyo ilitengenezwa kwa kulinganisha herufi kwa herufi, ndani ya shule ya Mombasa! Mwanafunzi anayeuliza isimu na hesabu zina faida gani, na asimuliwe kisa hiki.

Hata hivyo, cheo hicho cha kisiwa kiligharimu damu. Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail iling'oa nanga Mombasa kwenda Colombo. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliipiga ikazama katika dakika chache. Watu karibu 1,300 waliangamia, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi. Kaburi lao ni bahari. Baadhi yao wanakumbukwa katika mnara uliomo ndani ya makaburi ya vita kando ya Barabara ya Ngong, hapa Nairobi.

Katikati ya jiji, wapitao Kenyatta Avenue huziona sanamu za askari zilizosimamishwa mwaka 1928 kuwakumbuka waliofia Vita vya Kwanza. Lakini ni wangapi kati ya wanaopanda matatu kila siku kwenda Dagoretti na Karen wanaojua ni nani wanaokumbukwa njiani? Walimu wenzangu, hilo ni somo lisilohitaji zaidi ya nauli. Tuwapeleke wanafunzi wakasome majina hayo. Na kabla ya kuwatahini juu ya Midway, tuwaulize kwanza maana ya neno Kilindini.