Vipaza Sauti vya Hadhi ya Juu Katika Chumba Kidogo: Uteuzi na Uwekaji Wake

Kwa miaka mingi neno kipaza sauti limebebeshwa kazi mbili zisizolingana. Mhutubu aliyeshika maikrofoni huambiwa asogeze kipaza sauti kinywani, na sanduku linalonguruma pembeni mwa jukwaa nalo huitwa kipaza sauti. Wengine huepuka utata huo kwa kukimbilia spika, neno ambalo bungeni tayari lina mwenyewe. Katika maduka ya Nairobi, wufa, ambalo kwa mafundi ni kile kiwambo kimoja tu cha sauti nzito, limekuja kutaja seti nzima ya sanduku kubwa na vijisanduku vyake. Makala haya yanatumia kipaza sauti, au kipaza kwa ufupi, kwa maana ya chombo kinachogeuza umeme kuwa sauti. Kile kinachoupa umeme huo nguvu kinaitwa kikuza sauti.

Huenda msomaji wa Kiswahili akajiuliza suala hili la kihandisi linamhusu vipi. Linamhusu sana. Mtafiti wa fasihi simulizi arudipo kutoka nyanjani na kanda zake, na mwanafonolojia achambuapo usemi wa wazee wa Mvita, wote wawili hutegemea kipaza kuwaambia kilichosemwa. Njia ya simu ya kawaida hupitisha masafa ya baina ya Hz 300 na Hz 3,400 pekee, ilhali sehemu kubwa ya mkwaruzo wa sauti /s/ iko juu ya Hz 4,000. Ndiposa katika simu thamani hugeuka samani, na dhana ikawa zana, msikilizaji akalazimika kukisia kwa muktadha. Kipaza duni hufanya vivyo hivyo bila kumwonya mtu. Isitoshe, katika Kimvita tofauti ya paa la nyumba na paa mnyama imo katika mpumuo mfupi baada ya /p/, nao huzama upesi katika mwangwi wa chumba. Anayenukuu kwa kutegemea sauti iliyovurugwa huandika data ambayo haikusemwa na mtu yeyote.

Mfano bora wa kipaza kilichobuniwa kwa ajili ya chumba kidogo ni kile kilichopewa jina kavu la LS3/5A na shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, katika miaka ya 1970. Watangazaji walihitaji chombo cha kukagua sauti ndani ya magari ya matangazo ya nje, mahali ambapo vipaza vikubwa vya studio havikuweza kuingia na vipokea sauti vya masikioni havikutosheleza. Idara ya utafiti ya shirika hilo ilikuwa na kianzio tayari: kipaza kidogo kilichotengenezwa kwa majaribio ya akustika yaliyotumia vielelezo vidogo vya studio. H. D. Harwood, M. E. Whatton na R. W. Mills ndio walioandika ripoti ya usanifu wake mwaka wa 1976. Viwambo vyake viwili vilitoka kwa kampuni ya KEF, iliyoasisiwa mwaka wa 1961 na Raymond Cooke, aliyewahi kuwa mhandisi wa BBC.

Kwa umbo, kipaza hicho ni kisanduku kisichozidi kitabu kinene cha kamusi mbili zilizowekwa pamoja: kimo sentimita 30 hivi, upana 19, kina 16. Kuta zake ni za plaiwudi nyembamba iliyotulizwa kwa vipande vya lami, kwa hoja kwamba ukuta mwembamba uliofishwa mtetemo hauchafui sauti ya kati kama ukuta mnene unaovuma wenyewe. Kiwambo cha sauti nyembamba kimezungushiwa kitambaa kizito ili kingo za kisanduku zisiirudishe sauti. Ndani mna saketi ya kugawa masafa baina ya viwambo viwili, mgawo ukiwa karibu na Hz 3,000, nayo haikuridhika na kugawa tu, bali pia ilisawazisha tabia za viwambo vyenyewe. Kisanduku hakina tundu. Hili si jambo dogo, kama itakavyoonekana.

Kipimo kilichoheshimiwa na wahandisi hao kuliko vyote kilikuwa sauti ya binadamu. Mtu aliketishwa studioni akasema, kisha sauti yake ikalinganishwa na sauti hiyohiyo ikitoka kipazani. Muziki waweza kumdanganya msikilizaji, maana hakuna ajuaye fidla fulani ilisikikaje siku ile iliporekodiwa. Sauti ya mtu unayemfahamu haina pa kujificha. Kwa hivyo anayekwenda dukani na ashike kanda yake mwenyewe, yenye usemi wa mtu anayemjua, wa kiume na wa kike, bila ala. Je, sauti ya mwanamume inatoka kifuani au ndani ya debe? Je, /s/ inapasua sikio? Je, /th/ na /s/ zinatengana bila juhudi? Kipaza kinachofeli hapa hakitaokolewa na ngoma za utangulizi ambazo wauzaji hupenda kuzicheza.

Hila ya wauzaji iliyo kongwe zaidi ni ya kiwango cha sauti. Vipaza viwili vikishindanishwa, kile kinachosikika zaidi kidogo, hata kwa desibeli 1, hudhaniwa kuwa bora, ingawa msikilizaji hatambui kwamba kilichobadilika ni ukubwa wa sauti tu. Pia, tangu Fletcher na Munson walipochapisha vipimo vyao mwaka wa 1933, inajulikana kwamba sikio hupoteza sauti nzito mapema kadiri sauti inavyopunguzwa. Seti inayonguruma vizuri dukani huweza kuwa kavu chumbani usiku, wakati jirani amelala. Basi na isikilizwe kwa kiwango kile kile itakachotumiwa nacho.

Lakini hata kipaza kilichopita mitihani hii yote hakijaanza kazi mpaka kiingie chumbani, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Chukua chumba cha futi kumi kwa kumi, kile ambacho wapangaji wengi wa miji ya Kenya wanakijua kwa moyo. Kila upande una mita 3.05. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde katika nyuzijoto 20, na wimbi lenye urefu maradufu ya chumba, yaani mita 6.1, huwa na masafa ya Hz 56. Wimbi hilo likigonga ukuta na kurudi hujikuta likifuata nyayo zake lenyewe: hugeuka wimbi tuli, ambalo lina mahali linaposikika kwa nguvu na mahali linapotoweka. Vivyo hivyo kwa Hz 112, maradufu yake, na kuendelea. Ubaya wa chumba cha mraba ni kwamba urefu na upana vina mawimbi tuli yaleyale, hivyo yanasaidiana katika makosa. Chumba cha mita 3 kwa mita 4.2 kingeyatawanya: Hz 57 upande mmoja, Hz 41 upande mwingine. Juu ya Hz 250 hivi mawimbi haya, katika chumba cha ukubwa huu kilicho na vyombo vya kawaida, huwa mengi na kusongamana kiasi kwamba hakuna mojawapo linalojitokeza. Chini ya hapo, msikilizaji husikia chumba kuliko anavyosikia kipaza.

Sasa Hz 112 iko palepale sauti ya mwanamume inapokaa anapozungumza. Mtu akiketi katikati kabisa ya chumba cha mraba, wimbi la Hz 56 humkwepa, kwani hapo ndipo linapotoweka, na lile la Hz 112 humwangukia kwa nguvu zake zote. Huo ndio msingi wa sauti ya debe ambayo wengi huilaumia kipaza.

Tiba ya kwanza haigharimu hata shilingi. Wimbi la Hz 112 lina sehemu tulivu katika robo ya upana wa chumba, yaani sentimita 76 kutoka kila ukuta wa pembeni. Kipaza kikiwekwa hapo hakiwezi kuliamsha vizuri katika upana, mithili ya mtu anayesukuma bembea akiwa ameshika mhimili wake. Vipaza viwili vikikaa katika robo hizo vitakuwa na mita 1.52 baina yao, na kiti cha msikilizaji kitawekwa mita hizohizo 1.52 kutoka kwa kila kimoja ili wote watatu wawe pembetatu ya pande sawa.

Umbali kutoka ukuta wa nyuma ya vipaza nao una hesabu yake. Sauti nzito huzunguka kisanduku, hugonga ukuta huo na kurudi. Pale ambapo umbali wa uso wa kipaza kutoka ukutani ni robo ya wimbi, inayorudi huifuta inayokwenda. Kwa sentimita 76, ufutaji huo huangukia karibu na Hz 113. Aliyepima robo kila upande kwa kupenda ulinganifu atakuwa ameiponya debe kwa kuitoboa: sauti ya mwanamume itakosa kifua. Kwa sababu hiyo umbali wa pembeni na wa nyuma usilingane. Katika chumba hiki sentimita 45 kutoka ukuta wa nyuma hadi uso wa kipaza zinafaa kuanzia. Ufutaji unapanda hadi Hz 190 hivi, na masikio ya msikilizaji yanakuwa mita 1.77 kutoka ukuta huo, kupita katikati ya chumba lakini mbali na ukuta wa mgongoni, ambako kila wimbi tuli la urefu hufikia kilele.

Hapa ndipo kisanduku kisicho na tundu kinapolipa. Ukaribu wa ukuta huongeza sauti nzito. Kisanduku kilichofungwa hupunguza sauti hiyo polepole, desibeli 12 kwa kila oktavo, na ukuta huijazia taratibu. Chenye tundu hushikilia sauti nzito hadi chini zaidi kisha huanguka ghafla, desibeli 24 kwa oktavo. Kikisogezwa ukutani hutoa mnguruma juu ya mnguruma. Wapo wanaoziba tundu kwa soksi. Ni suluhisho la aibu, lakini hufaa. Waama, katika chumba cha futi kumi kununua kipaza kikubwa cha kusimama sakafuni ni kulipia sauti nzito ambayo chumba hakina mahali pa kuiweka.

Kuhusu kuta zenyewe, pana imani iliyoenea kwamba trei za mayai zikibandikwa kila mahali chumba hugeuka studio. Trei hizo hugusa sehemu finyu ya masafa ya juu na kuacha mengine yote. Blanketi jembamba ni ndugu yake: humeza sauti nyembamba, Hz 112 hupita kana kwamba halipo. Matokeo ni chumba kilichofifia juu na kinachonguruma chini, kibaya zaidi ya kilivyokuwa kitupu. Kinachofaa ni unene. Godoro la sponji la inchi 6 likisimamishwa ukutani hufanya kazi kuanzia masafa ya mamia kadhaa, na likiachiwa nafasi ya hewa nyuma yake hushuka zaidi. Rafu ya vitabu vya ukubwa tofauti, ambayo aghalabu mwanafunzi anayo, huvunjavunja mwakisiko bila kuua uhai wa sauti. Zulia kwenye sakafu ya saruji ni la lazima.

Mahali pa kuanzia pembeni hupatikana kwa kioo cha kujitazamia. Msikilizaji huketi, mwenzake hutelezesha kioo ukutani, na pale kipaza kinapoonekana ndani ya kioo ndipo sauti inapoakisiwa. Katika mpangilio uliotajwa, sauti ya ukutani husafiri mita 1.12 zaidi ya ile ya moja kwa moja na kufika imechelewa milisekunde 3 na ushei. Sikio halisikii mwangwi kwa muda mfupi hivyo. Huziunganisha sauti mbili, na muungano huo hutia rangi konsonanti na kutandaza mahali msemaji anaposikika kusimama. Godoro au rafu na iwekwe hapo kwanza, kwa pande zote mbili.

Vipaza visikae juu ya meza wala kabati, kwani ubao hugeuka kiwambo cha tatu. Fundi wa jua kali huweza kuunda stendi za chuma kwa gharama ndogo. Mabomba yake yajazwe mchanga mkavu ili yasivume. Kimo kipimwe kwa masikio ya aliyeketi, yawe sawa na kiwambo cha sauti nyembamba, mara nyingi sentimita 90 hadi 100 kutoka sakafuni.

Kikuza sauti hakihitaji maneno mengi. LS3/5A ina usikivu hafifu, karibu desibeli 83 kwa wati 1 katika umbali wa mita 1, na nguvu zikiongezwa maradufu hupatikana desibeli 3 tu. Hata hivyo, kwa umbali wa mita 1.5, wati 1 kwa kila kipaza hushinda sauti ya mtu anayezungumza, na kikuza cha wati 30 hadi 50 kinatosheleza. Ushindani wa mamia ya wati ni wa kumbi na harusi.

Utengenezaji wa awali wa LS3/5A ulikoma mwishoni mwa miaka ya 1990, lakini kampuni ya Falcon Acoustics, iliyoanzishwa na Malcolm Jones, aliyebuni viwambo vile viwili alipokuwa KEF, inakitengeneza upya, na jozi huuzwa kwa zaidi ya pauni 2,000. Idara nyingi haziwezi bei hiyo, na hazilazimiki. Kipaza chochote kidogo, kilichofungwa, kinachotenga thamani na samani kitafaidika na hesabu hizihizi za kuta. Mahali pakishapatikana, sogeza kila stendi sentimita 5 mbele, kisha 5 nyuma, msemaji yuleyule akisikika kila mara. Sauti yake ikitulia katikati ya vipaza viwili, wala haijakwama ndani ya kimojawapo, miguu ya stendi ichorwe sakafuni kwa chaki, kwa kuwa mwenye kufagia hatajua.