Inzi wa Bateman na Tamaa ya Mwanamume

Kila mjadala wa ndoa unapomhusisha mtaalamu wa mageuko ya viumbe, huulizwa kama si kweli kwamba sayansi imethibitisha kuwa mwanamume, kwa maumbile yake, hatosheki na mwenzi mmoja. Swali hilo limejibiwa mara nyingi mno kiasi kwamba halistahili kuendelea kuulizwa kana kwamba jibu lake ni ndiyo.

Mwaka 1948 Mwingereza Angus Bateman aliwafungia inzi wa matunda, madume kwa majike, ndani ya chupa, akahesabu watoto wao, akahitimisha kwamba dume huongeza wazao kadiri anavyopanda majike wengi, ilhali jike hafaidiki sana kwa kuongeza madume. Kwa kuwa vipimo vya vinasaba havikuwepo, aliwatambua wazazi kwa kasoro za kurithi zinazoonekana kwa macho, na hapo ndipo kosa lilipoingia, maana mtoto aliyerithi kasoro mbili, ya baba na ya mama, mara nyingi alikufa kabla ya kuhesabiwa. Patricia Gowaty na wenzake walilirudia jaribio hilo na mwaka 2012 wakalionyesha kosa hilo bayana. Isitoshe, katika takwimu za Bateman madume walipewa watoto wengi kuliko majike, jambo lisilowezekana, kwani kila mtoto ana baba mmoja na mama mmoja. Hata kama hesabu ingekuwa sahihi, inzi dume halei, ilhali mtoto wa binadamu hulelewa miaka mingi, mara nyingi kwa mikono ya baba pia. Kumruhusu mume aliyevunja ahadi ajitetee kwa chupa hiyo ya inzi ni kumdhulumu mkewe na kuidhulumu sayansi.

Mageuko yana la kusema, ila kwa kiasi. Mwaka 1989 David Buss, aliyehoji watu zaidi ya 10,000 katika jamii 37, aliona wanawake wakithamini kipato cha mwenzi zaidi ya wanaume walivyokithamini, tofauti aliyoieleza kwa mageuko. Alice Eagly na Wendy Wood walipozipitia takwimu hizo mwaka 1999, waliona pengo hilo likipungua pale wanawake walipokaribia usawa na wanaume.

Basi msomaji anayeletewa madai ya namna hii aulize upesi: ni kiumbe gani aliyechunguzwa, ni watu wa wapi, walieleza wanachotamani au walichunguzwa wanachotenda, na je, mila na uchumi vilipimwa? Majibu yakikosekana, madai hayo hayana nafasi nyumbani wala mbele ya baraza la usuluhishi wa ndoa.