ADABU ZA BARAZA NA KIKOMBE CHA KAHAWA



Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, kila mwanafunzi wa madrasa yetu anazijua adabu za kula. Ukimwamsha usiku atakuambia: taja jina la Allah, kula kwa mkono wa kulia, na kula kilicho mbele yako. Hayo ndiyo Mtume (S.A.W.) aliyomfundisha kijana Umar bin Abi Salama, ambaye mkono wake ulikuwa ukizunguka sahani nzima. Lakini tukishapiga bismillahi, midomo haitafuni tu. Inazungumza pia. Leo napenda tuyatazame mazungumzo hayo, kwa sababu mimi mwalimu wenu niliwahi kukosea hapo.

Kijiwe chetu

Mji wetu wa Babati ni makutano ya barabara za Arusha, Singida na Dodoma. Jioni watu wa kila kabila hukaa kwenye benchi moja, birika la kahawa likiwa juu ya mkaa na kashata pembeni. Huzungumzwa bei ya sukari, mahindi ya mwaka huu, samaki wa Ziwa Babati, Simba na Yanga. Si sisi peke yetu. Kule Mji Mkongwe wa Zanzibar, Jaws Corner ni maarufu kwa kahawa na mazungumzo ya namna hiyo. Nao Wahaya wa Kagera tangu zamani humkaribisha mgeni kwa buni zilizochemshwa na kukaushwa, akatafuna huku akipewa habari.

Jambo hili ni zuri. Uislamu haukuja kuwanyima watu kukaa na rafiki zao. Mtume (S.A.W.) alikaa na maswahaba wake, akazungumza nao, akatabasamu na hata kutania, ila katika utani wake hakusema uongo.

Kesi ya kahawa Makka

Wengi hawajui kwamba kahawa iliwahi kushitakiwa. Katika karne ya 15 masufi wa Yemen waliinywa ili wasisinzie katika dhikri za usiku. Kutoka huko ikafika Makka, na watu wakaanza kukusanyika kuinywa. Mwaka 1511 afisa wa Makka aitwaye Kha'ir Beg aliwakusanya wanazuoni na matabibu, na kahawa ikapigwa marufuku. Habari zilipofika Cairo kwa Sultani Qansuh al-Ghawri, agizo lililorudi halikukiharamisha kinywaji chenyewe. Lililokatazwa ni maovu yanayofanyika katika vikao vyake.

Tafakari hapo, ndugu msomaji. Kikombe hakikuwa na kosa. Aliyepaswa kuchungwa ni mnywaji, na ulimi wake.

Kilichomo kikombeni

Hata hivyo, si kila kikombe ni sawa na cha kahawa. Wanafunzi huniuliza sana kuhusu togwa. Togwa hutengenezwa kwa uji wa mahindi au ulezi unaotiwa kimea. Kimea huigeuza wanga kuwa sukari, ndiyo maana uji huo huwa mtamu bila kutiwa sukari. Ukikaa huanza kuchachuka. Ukiachwa muda mrefu zaidi, hasa wakati wa joto, unaweza kugeuka kilevi.

Kanuni aliyotufundisha Mtume (S.A.W.) ni nyepesi: chochote kinacholevya ni haramu, na kama kingi chake kinalevya, basi hata kidogo chake ni haramu. Yeye mwenyewe alikuwa akirowekewa tende au zabibu katika maji akanywa, lakini kinywaji hicho hakikuzidishwa siku tatu. Kwa hiyo togwa mpya haina ubaya. Iliyokaa siku nyingi ikatoa povu na harufu ya pombe, iache. Na ukiwa mgeni, uliza kwa upole imetengenezwa lini. Usimtuhumu mwenyeji mbele ya watu.

Kosa langu

Pale kijiweni tulikuwa tukilipiana kahawa kwa zamu. Siku moja zamu ikamwangukia rafiki yangu. Akasema leo hanywi, tumbo halimkai vizuri. Nami, kwa kutaka kuchekesha, nikamwambia: "Tumbo lako, sheikh, linajua kalenda. Kila zamu yako ikifika ndipo linauma." Benchi zima likacheka. Naye akacheka.

Kesho yake hakuja. Wiki ikapita, hakuja. Nilipouliza nikaambiwa kuwa ana miezi miwili hana kazi. Alikuwa akija pale ili asibaki peke yake na mawazo.

Nilikwenda kwake baada ya Isha. Alinikaribisha, mkewe akaleta chai ya rangi yenye sukari ya kuhesabu. Nikamwomba msamaha. Akaniambia: "Ustadh, nimekusamehe. Lakini kicheko kile kilinifuata mpaka nyumbani. Wanangu wanakula, mimi nakisikia."

Sikuwa nimesema uongo wala sikuwa nimetukana. Nilitania tu juu ya kikombe cha kahawa. Kumbe maneno ya chakula na kinywaji hugusa mfuko wa mtu, na mfuko hugusa heshima yake mbele ya mke na watoto. Ndiyo maana mzaha wa namna hii huuma kuliko tunavyodhani.

Tufanyeje?

Kwanza, tusikitie kasoro chakula. Mtume (S.A.W.) hakuwahi kukiaibisha chakula. Akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha. Mwanafunzi anayecheka mkate mkavu wa mwenzake anamcheka mama aliyeufunga alfajiri.

Pili, tukisifu kilichopo. Siku moja Mtume (S.A.W.) aliwauliza watu wa nyumbani kwake kama wana kitoweo, akaambiwa hakuna ila siki. Akaiagiza, akaila huku akiisifu. Nilipokuwa nikinywa chai ile ya rangi niliikumbuka hadithi hii, nikaomba kikombe cha pili.

Tatu, tusimle asiyekuwepo. Katika Suratul Hujurat, aya ya 12, Allah (S.W.) amelinganisha kumsengenya mtu na kula nyama ya ndugu yako aliyekufa. Tunakagua sana kama kuku amechinjwa kwa bismillahi, kisha tukiwa tunamla tunakula na nyama ya jirani. Wazazi nao wakumbuke kwamba watoto wanasikiliza jikoni na sebuleni.

Nne, tutazame nani amekaa nasi. Mwenzako akisema hanywi, muulize hali yake mkiwa wawili, au mlipie kimya kimya.

Tano, tukinyanyuka tusome dua ya kumaliza kikao, ya kumtakasa Allah na kumwomba maghfira, inayofuta makosa yaliyopita humo. Lakini haki ya mtu haifutwi kwa dua pekee. Umfuate, ubishe hodi, uombe radhi.

Rafiki yangu amerudi kijiweni. Ameshapata kazi, na zamu yake ikifika hulipa. Bado anatania, na mimi pia natania. Ila sasa kabla ya kufungua mdomo namtazama kwanza usoni.

Allah (S.W.) atuhifadhie ndimi zetu, aturuzuku vya halali na atubarikie vikao vyetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.