BARUA YA DAKTARI KATIKA MADAI YA ULEMAVU WA ASKARI WASTAAFU

Askari wastaafu wa Mkunya na sehemu nyingine za uwanda wa Makonde, katika Wilaya za Newala na Masasi, pamoja na jamaa zao na watumishi wanaowahudumia, wanaelezwa hapa namna barua ya daktari inavyopaswa kuandikwa ili itegemeze madai ya ulemavu uliotokana na utumishi wa jeshi. Maelezo haya ni ya lazima kwa kuwa dai la kweli laweza kukataliwa kwa sababu tu karatasi iliyoletwa haikusema jambo linalotakiwa.

Uwanda huu unayajua mambo ya vita tangu zamani. Mwezi Novemba 1917 jeshi la Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck lilirudi nyuma hadi sehemu hizi, likawaacha wagonjwa na majeruhi wengi, kisha likavuka Mto Ruvuma tarehe 25 Novemba. Mwaka 1964 Serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari Waafrika waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba wazee waliofika Mwanza kudai malipo hayo wengi wao hawakuwa na cheti, na afisa aliyetumwa kulipa akampa kila mmoja ufagio na kumwamuru kwa Kijerumani afanye kwata ya bunduki. Hakuna aliyeshindwa.

Kisa hicho kinafundisha jambo moja. Utumishi waweza kuthibitishwa kwa kwata, kwani mwili haukusahau. Lakini ulemavu hauthibitishwi kwa ufagio. Mzee aonekanaye akichechemea, au asiyesikia aitwapo, hawezi kwa kuonekana tu kueleza kuwa hali hiyo aliipata vitani na si kwa uzee au ajali ya shambani. Kazi ya kueleza hayo ni ya daktari.

Barua ya daktari yenye manufaa hujibu maswali matatu:

(a) Mwombaji ana maradhi au ulemavu gani hivi sasa, umethibitishwa kwa vipimo gani, na unamzuia kufanya nini?

(b) Ni tukio gani lililompata akiwa kazini, wapi na lini?

(c) Kuna uhusiano gani kati ya tukio hilo na ulemavu wa leo, na ni kwa sababu zipi za kitabibu daktari anaamini hivyo?

Barua nyingi za hospitali hujibu swali la kwanza peke yake. Barua isemayo, "Mtajwa hapo juu anasumbuliwa na masikio, naomba asaidiwe," ni ya huruma, lakini haimpi mwamuzi msingi wa kuamua. Swali la tatu ndilo lenye uzito kuliko yote, na ndilo linaloachwa mara kwa mara.

Mfano ufuatao utafafanua. Mkulima wa korosho alikuwa askari katika Vita vya Kagera, vilivyotangazwa na Mwalimu Nyerere tarehe 2 Novemba 1978 na kumalizika mwezi Juni 1979. Alikuwa karibu na mitambo ya makombora ambayo wananchi wa Uganda waliyaita Saba Saba. Leo hasikii vema. Daktari ampimaye hana budi kuandika matokeo ya kipimo cha usikivu kwa kila sikio, muda ambao mwombaji anasema alikaa karibu na mitambo hiyo, na lini alianza kuona tatizo. Kisha azitaje sababu nyingine zinazoweza kuleta uziwi: uzee, usaha wa masikio tangu utotoni, au sindano za streptomaisini alizochomwa mgonjwa wa kifua kikuu. Kila moja aieleze kwa nini anaikubali au anaikataa. Hatimaye atoe rai yake waziwazi, kwa mfano: "Kwa maoni yangu, yaelekea zaidi kuwa uziwi huu ulisababishwa na mlio wa mizinga, kwa kuwa ulianza mara baada ya vita, mwombaji akiwa bado kijana, wala hakuwa na maradhi ya masikio kabla ya hapo."

Daktari asiogope kutaja sababu zinazopingana na dai. Barua inayoficha sababu hizo huvunjika mara bodi ya madaktari inapozigundua, lakini iliyozitaja na kuzijibu husimama imara. Vilevile daktari halazimiki kusema ana hakika isiyo na shaka. Aandike kiasi cha uhakika alicho nacho na sababu zake.

Katika nchi nyingine kanuni ni za namna hiyo hiyo. Nchini Marekani dai la askari wa zamani hukubaliwa ikiwa uwezekano wa ulemavu kutokana na utumishi ni nusu au zaidi, na ushahidi ukilingana pande zote mbili, mwombaji ndiye hupewa haki. Uingereza, kwa utumishi wa kabla ya tarehe 6 Aprili 2005, mwombaji anayedai ndani ya miaka saba tangu kuacha jeshi habebi mzigo wa kuthibitisha. Ni juu ya Serikali kuonyesha kuwa ulemavu haukutokana na utumishi. Miaka hiyo ikipita, mwombaji mwenyewe hutakiwa kuleta ushahidi wa kuaminika. Kadiri muda unavyopita ndivyo karatasi inavyozidi kuhitajika, na kijana wa miaka 20 aliyevuka Mto Kagera mwaka 1979 ni mzee leo.

Kabla ya kwenda kwa daktari, mwombaji anashauriwa kukusanya yafuatayo: cheti cha utumishi au cha kuachishwa jeshi, kadi na vyeti vyote vya matibabu, hata vilivyochakaa, na majina ya askari wenzake walioshuhudia tukio, ambao waweza kutoa hati ya kiapo wangali hai. Aliyewahi kulazwa Newala, Mkomaindo, Ndanda au Ligula aombe hospitali husika imtafutie kumbukumbu zake, akitaja mwaka. Daktari asiyepewa karatasi hizi ataandika tu kwamba "mgonjwa anadai", na neno hilo halina nguvu. Mshauri wa Mgambo wa Wilaya anaweza kuulizwa njia ya kufikisha maombi jeshini. Nakala ya kila karatasi ibaki nyumbani.

Watumishi wa Serikali wa Tanzania Bara nao wana la kujifunza hapa. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa Sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015, hupima ulemavu wa kudumu kwa asilimia: usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, na unaozidi hapo hulipwa pensheni ya kila mwezi. Taarifa ya ajali itolewe mapema. Mtumishi aumiaye kazini amweleze daktari siku ile ile kwamba aliumia kazini, na ahakikishe limeandikwa. Neno hilo moja likiandikwa mapema lina thamani kuliko barua ndefu itakayoandikwa miaka kumi baadaye.

Inakumbushwa kwamba kughushi hati ya daktari ni kosa la jinai, na kwamba karatasi moja ya uongo huwatia shaka hata wenye haki. Jamaa wenye wazee waliokuwa jeshini wanashauriwa wasingoje. Wakae na mzee, wamwulize aliumia wapi na nani alikuwa naye, waandike majibu yake pamoja na tarehe, kisha wamsindikize hospitali wakiwa na maandishi hayo mkononi.