JOTO KIWANDANI: TUDAI HESABU KABLA YA TOFALI



Ujanani nilichambua chai katika kiwanda kimoja. Juu mabati, upande mmoja mashine ya kukaushia, upande wa pili sisi. Tulipolalamikia joto, mwajiri alileta feni kubwa. Kumbe feni ile ilivuta hewa ya moto ya mashine ikatupulizia sisi, pamoja na vumbi la chai. Kipima joto kilitundikwa mlangoni, nacho kilionyesha nafuu. Lakini mlangoni hakuna aliyefanya kazi!

Kosa lilikuwa kuhesabu joto bila kuhesabu njia ya hewa.

Leo wahandisi wana programu mbili za kompyuta. Ya kwanza huhesabu joto la jengo saa kwa saa: jua juu ya bati, mashine, miili ya watu, na umeme utakaotumika. Lakini kwa kawaida huchukulia kwamba chumba kizima kina joto moja. Ya pili hukigawa chumba katika vipande vidogo vingi, ikafuata hewa inakopita. Lakini hiyo lazima iambiwe bati lina joto gani saa nane mchana. Basi huunganishwa. Ya kwanza hutoa joto la kuta na paa, ya pili hurudisha mwendo wa hewa, mpaka zikubaliane. Hapo ndipo hujulikana joto la pale anaposimama mchambuaji.

Msidhani kufikiria joto na hewa pamoja ni mambo ya Ulaya tu. Huko Harare, Zimbabwe, jengo la Eastgate lilifunguliwa mwaka 1996. Lilisanifiwa na Mick Pearce pamoja na wahandisi wa Arup. Usiku feni huingiza hewa baridi kwa wingi, zege ikapoa. Mchana zege hiyo hupoza hewa inayopita, na hewa ya moto hutokea kwenye dohani za paani.

Lakini ndugu, kompyuta haitoki jasho. Ikiambiwa mashine ni moja kumbe ni tatu, jibu lake ni uongo. Wenye kujua ni sisi. Mkataba Na. 155 wa ILO wa mwaka 1981 unataka wawakilishi wa wafanyakazi wapewe habari na washauriwe juu ya usalama na afya kazini.

Kwa hiyo, kamati za matawi, mwajiri akitaka kujenga au kubadili shedi, ombeni kuona hesabu zote mbili kabla ya tofali la kwanza. Na kipima joto kitundikwe penye kazi, si mlangoni.