Wamaza: nyavu, bunduki na sheria inayokutana na raia kwenye kizuizi

Katika vijiji vya Wamaza, kusini mwa jimbo la Maniema, mtu anayeishi kwa pori hachagui kati ya uvuvi na uwindaji. Wakati wa mvua hutega wanyama wanaoharibu shamba lake. Maji yakipungua wakati wa kiangazi, hushuka mtoni. Katikati ya hayo analima mpunga na muhogo kama jirani zake wote.

Siku anapotoka nyumbani na nyavu begani, panga mkononi na pengine bunduki iliyotengenezwa na mhunzi wa kijiji, anakuwa tayari chini ya sheria tatu: ya uvuvi, ya uwindaji na uhifadhi wa mazingira, na ya silaha. Zote zimeandikwa kwa Kifaransa, na baadhi zilitiwa sahihi kabla ya babu yake kuoa.

Kwenye barabara ya Kasongo na Kabambare, malalamiko ya watu wa kazi hii yanafanana. Hawapingi samaki na wanyama kulindwa. Wanasema tu kwamba sheria huonekana siku ya faini, na haionekani siku mto unapochafuliwa au siku mwenye kalashi anapoingia kijijini.

Mto una kanuni zake

Mto mkubwa wa eneo hili ni Luama. Unatoka milimani magharibi mwa Ziwa Tanganyika, unapita Kabambare na kuingia Lualaba. Pamoja na vijito vyake, ndio unaolisha wakaaji kambale na tilapia. Samaki wanaobaki hukaushwa na kuuzwa sokoni, na pesa hiyo hulipa masomo ya watoto na dawa.

Sheria za msingi za uvuvi nchini bado ni amri za ukoloni, ya mwaka 1932 na ya mwaka 1937. Kuvua kwa sumu na kwa baruti kunakatazwa. Lakini kijiji hakikungoja Wabelgiji ili kijue hilo. Wazee wa mto wana makatazo yao: usizibe kijito chote kutoka ukingo hadi ukingo, na usiwavue samaki wanaopanda vijito kutaga mayai mvua za kwanza zinapoanza. Aliyevunja alilipa kuku au mbuzi, na jambo likaisha mbele ya watu.

Leo kanuni hizo zinashindwa. Vyandarua vilivyogawiwa kwa ajili ya malaria vinashonwa pamoja na kuburutwa majini. Tundu lake ni dogo kiasi kwamba hata vifaranga vya samaki havipiti. Wengine humwaga dawa ya kuulia wadudu shambani, ambayo huua kila kitu na kuacha sumu kwa atakayekunywa maji chini ya mto. Wavuvi wenyewe ndio wa kwanza kulalamika juu ya wenzao hao, kwa sababu miaka michache baadaye wote wanalazimika kwenda mbali zaidi kupata samaki wachache zaidi.

Hata hivyo, mvuvi anauliza jambo lingine. Upande wa mashariki kuna dhahabu ya Salamabila na Namoya. Penye dhahabu udongo unaoshwa na maji, na maji hayo yenye matope hurudi mtoni. Matope hufunika mahali samaki wanapotaga. Kodi ya migodi ya mwaka 2002, iliyorekebishwa Machi 2018, inawadai wenye migodi kulinda mazingira, na inataka mchimbaji mdogo afanye kazi katika eneo lililotengwa akiwa na kadi. Basi mwenye chandarua anaposimamishwa na mwenye mashine ya kuoshea dhahabu akaachwa, mvuvi haoni sheria hapo. Anaona tu kwamba asiye na pesa ndiye aliyesimamishwa.

Mfano wa karibu uko Tanganyika, ziwa linaloleta ndagala hadi masoko ya Maniema. Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia zilikubaliana kupumzisha ziwa, na mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Ulikuwa uamuzi mchungu kwa familia za pwani. Lakini uliwagusa wavuvi wa nchi zote nne, na kila mmoja aliujua kabla ya siku kufika.

Msitu wa nani?

Uwindaji unaongozwa na sheria ya tarehe 28 Mei 1982, pamoja na sheria ya uhifadhi wa mazingira ya tarehe 11 Februari 2014. Mwindaji anahitaji kibali, msimu hufungwa na kufunguliwa, na kuwinda kwa moto, kwa sumu au kwa silaha za vita kunakatazwa. Wanyama kama tembo na sokomutu wamelindwa kabisa. Hakuna kibali cha kijiji kinachoruhusu kuwaua.

Jambo ambalo wengi hawajaambiwa ni kwamba sheria hiyo ya 1982 haikumsahau mtu wa kijijini. Inataja kibali cha uwindaji wa vijijini na hata kibali cha pamoja kwa wakaaji. Shida ni njia ya kukipata. Ofisi iko mbali, barabara ni mbovu, na safari ya pikipiki inaweza kula zaidi ya thamani ya nyama yote atakayopata. Kwa hiyo anawinda bila karatasi. Na asiye na karatasi hana nguvu ya kubishana na yeyote anayemdai franga njiani, awe ana haki ya kudai au hana.

Maniema yenyewe ina mfano wa njia nyingine. Magharibi mwa jimbo, ng'ambo ya Lualaba, Hifadhi ya Taifa ya Lomami iliundwa rasmi Julai 2016, ikigawanywa kati ya Maniema na Tshopo. Ndiko anakoishi lesula, tumbili ambaye wanasayansi walimtambulisha kwa dunia mwaka 2012 ingawa wawindaji wa huko walimjua zamani. Kabla ya mipaka kukubaliwa, mazungumzo yalifanyika na vijiji, na wazee wakafanya tambiko kuwaomba mababu ruhusa. Haikumaliza ujangili. Lakini mtu aliyeombwa ruhusa na mtu aliyefukuzwa hawasimami mahali pamoja.

Waliofukuzwa wanajulikana. Hifadhi ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975, na Wambuti, wanaoitwa pia Batwa, wakatolewa katika ardhi yao. Kesi yao ilifika hadi Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo uamuzi wake uliotangazwa mwaka 2024 uliilaumu serikali ya Kongo. Sheria ya 2014 sasa inataka raia wasikilizwe kabla eneo lolote kutengwa. Hofu ya mwindaji wa Wamaza ni kwamba siku moja atasikia habari ya mpaka mpya ukiwa umeshachorwa.

Bunduki moja, mashaka mawili

Suala zito kuliko yote ni silaha. Katika nchi hii ya Kasongo bunduki ina historia ndefu. Misafara ya pembe za ndovu ya karne ya 19 ilifika nayo, wakati wa Tippu Tip. Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mkataba uliobana uingizaji wa silaha katika sehemu kubwa ya Afrika, na Aprili 1893 jeshi la Leopold likauteka mji wa Kasongo. Tangu hapo, aliyetawala aliamua nani ashike bunduki.

Sheria inayotumika leo ni ile ya tarehe 3 Septemba 1985 juu ya silaha na risasi. Kuwa na bunduki bila ruhusa ni kosa, hata kama ni bunduki ya baruti au kalibre 12 iliyoundwa kijijini. Mwindaji anaona tofauti kubwa kati ya chombo chake na kalashi. Bunduki yake hupiga mara moja, kisha anashindilia tena baruti na vipande vya chuma huku mnyama akikimbia. Kalashi humwaga risasi mfululizo.

Lakini katika eneo ambako kundi la Malaika limepigana na jeshi kwa miaka mingi, mwanaume mwenye bunduki porini hatazamwi kwa utulivu. Akikutana na askari, anaweza kudhaniwa kuwa Mai-Mai. Akikutana na wapiganaji, bunduki yake ni mali ya kunyang'anywa, au yeye mwenyewe ni mtu wa kuingizwa kundini. Akiiacha nyumbani, nguruwe wa pori wanamaliza muhogo.

Programu ya serikali ya kupokonya silaha na kuwarudisha wapiganaji katika maisha ya kiraia, P-DDRCS, iliundwa mwaka 2021. Mwaka 2023 ikaja sheria ya askari wa akiba. Zote mbili zinamfikiria mpiganaji. Mwindaji ambaye hajawahi kupigana hana mlango wake. Akipeleka bunduki kwa hiari, harudishiwi chochote. Akikaa nayo kimya, ni mhalifu.

Pendekezo linalosikika zaidi ni rahisi: kila bunduki ya uwindaji iandikishwe kwenye ofisi ya sekta, ipigwe namba, na mwenyewe apewe karatasi inayoheshimiwa kwenye vizuizi vyote. Wanaohusika na usalama wana jibu lao, na lina uzito. Bunduki za kienyeji pia huua watu na hutumiwa na majambazi wa njiani. Tena daftari la majina likiangukia mikononi mwa wabaya, linakuwa orodha ya nyumba za kwenda kupekua usiku. Kuandikisha silaha mahali ambapo serikali haiwezi kuilinda nyumba ya aliyeandikishwa ni kumwomba raia aamini kwanza.

Mlango uliopo

Kuna chombo cha sheria ambacho hakijazungumzwa vya kutosha kusini mwa Maniema. Amri ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii kuomba msitu wa mababu zake uwe wake kisheria, hadi hekta 50.000, bila malipo ya hati na bila kikomo cha muda. Gavana wa jimbo ndiye anayetia sahihi. Jamii hupanga yenyewe mahali pa kulima, pa kuwinda na pa kuacha bila kuguswa, na mpango huo huandikwa. Katazo la mzee wa mto, ambalo leo halina nguvu mbele ya kijana mwenye chandarua, linaweza kuingia katika mpango huo na kutambuliwa na serikali.

Njia hiyo nayo ni ndefu. Inahitaji ramani, mikutano, na majirani kukubaliana mipaka, kazi ngumu mahali ambapo watu wamekimbia vijiji vyao zaidi ya mara moja. Haitamaliza suala la bunduki. Lakini ingempa mtu wa pori karatasi moja mkononi, na sababu ya kumripoti mwenye sumu badala ya kumwonea wivu.

Kwa sasa anaendelea kama kawaida. Mvua za kwanza zikianza, samaki watapanda tena vijito vya Luama kutaga mayai. Baadhi ya vijito hivyo watavikuta vimezibwa.