Gololi za Usangu na soko la akili unde Same

Mwenye programu ya akili unde ya kuigiza migogoro anayetafuta wateja wilayani Same aanze na maji. Kijiji cha Vudee kiko juu milimani, cha Bangalala kiko chini, na mto ambao wakazi wake wanautegemea ni mmoja. Tangu enzi za mababu, Wapare wamekuwa wakijenga ndiva: mabwawa madogo yanayojazwa usiku na kufunguliwa mchana, maji yakaenda mashambani kwa zamu kupitia mifereji. Zamu ikivurugika mvua za vuli zikiwa haba, mahindi ya walio chini ndiyo yanayokauka.

Kuigiza mgogoro wa namna hiyo kabla haujatokea si jambo geni nchini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Bruce Lankford wa Chuo Kikuu cha East Anglia aliwachezesha wakulima wa Usangu, Mbeya, mchezo wa bonde la mto. Ubao ulioinamishwa ulikuwa mto, gololi zikawa maji, vijiti vikawa mabanio. Walio juu walizoa gololi, walio chini wakaambulia chache. Ndipo mjadala wa kugawana ulipoanza.

Kompyuta inaongeza kile ambacho ubao hauwezi: kurudia msimu mbovu wa mvua mara mia, kupanga zamu upya na kuonyesha shamba lipi litakosa maji. Akili unde inaweza pia kucheza nafasi ya jirani wa juu asiyefika kikaoni.

Lakini gharama kubwa haiko kwenye programu, iko kwenye data ya kuifunza. Nuru, programu ya simu ya mradi wa PlantVillage inayotambua magonjwa ya mihogo hata pasipo intaneti, ilifunzwa kwa picha zilizopigwa mashambani, zikiwemo za Tanzania. Kwa ndiva, kinacholingana na picha hizo ni vipimo vya kina cha bwawa na maji yanayopita kila banio, msimu hadi msimu.

Nani alipe? Kikundi cha ndiva peke yake hakitamudu. Mteja wa kwanza ni Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, inayotoa vibali vya kutumia maji na kukusanya ada. Bonde hilo ndilo lenye bwawa la Nyumba ya Mungu, chanzo cha mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe uliozinduliwa Machi 2025. Wa pili ni wasindikaji wa tangawizi ya Mamba Myamba, ambao mtambo wao hauna kazi mavuno yakipungua kwa kukosa maji.

Kwa mwekezaji, hesabu ni hii: mtaji wa awali uende kwenye vifaa vya kupimia maji na posho za vijana wa kijijini watakaovisoma. Vifaa vya kifahari vya kuigizia, kama miwani ya ulimwengu pepe, vinunuliwe baadaye, kwa faida.